Mvinyo wa Bei Poa kwa Watu Wenye Heshima Zao

Mimi ni mhasibu. Nalisema hili mapema usije ukadhani unasomeshwa na mtu wa ladha. Serikali ilipohamia Dodoma nami nilihamishwa, nikaja na mke, godoro, sufuria mbili na imani niliyoilea Dar es Salaam kwa miaka mingi: kwamba mvinyo wa maana hutoka ng'ambo, na wa hapa nyumbani ni wa padri. Sufuria moja imeshatoboka. Imani ilitangulia.

Mwongozo huu ni wa mwenzangu mwenye ulimi wa tarehe 25 na mfuko wa tarehe 17. Wanaofungua chupa ya laki nne Jumanne usiku hauwahusu; wana matatizo yao, na hatuna uwezo wa kuwasaidia. Wasiotumia kileo kabisa nao wasinune: zabibu zenyewe zipo, abiria wa mabasi huziletewa hadi dirishani. Wasome kwa ajili ya kutucheka.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo niliyosomea. Shika chupa yoyote dukani. Usiangalie picha ya kasri, angalia bei. Sasa toa. Toa chupa yenyewe, ambayo ni glasi, nzito, na hulipiwa sawa iwe imebeba asali au siki. Toa kizibo, lebo na katoni. Toa meli, bandari na lori. Toa faida ya msambazaji na ya mwenye duka, ambaye ana watoto shuleni. Toa ushuru. Kilichobaki chini ya mstari ndicho mvinyo, na mara nyingi ukikiona utatamani kukifariji.

Hapo kwenye ushuru, ngoja kidogo. Ushuru wa bidhaa kwenye mvinyo hapa Tanzania hutozwa kwa lita, si kwa utamu. Tena sheria inaupendelea mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nyumbani. Kiwango chake ni kidogo mno ukikiweka kando ya kile cha mvinyo wa nje. Kwa hiyo chupa ya Dodoma na chupa iliyovuka bahari zikisimama rafu moja kwa bei moja, usidhani zimelingana. Ya pili imekula nauli.

Kutokana na hesabu hiyo nimejitungia kanuni. Usinunue chupa ya bei ya chini kabisa. Kule chini, ukishalipa glasi, lori na serikali, fungu la mkulima wa zabibu ni sawa na salamu. Panda ngazi moja. Ukitoka 10,000 kwenda 15,000, glasi haikuongezeka uzito na lori halikubadili matairi. Sehemu kubwa ya nyongeza inaweza kuingia kwenye mvinyo wenyewe. Panda ya pili kama umepata posho. Kwenye ya tatu simama, vuta pumzi, mpigie simu mtu anayekupenda.

Sasa heshima. Najua kinachokusumbua: mvinyo wa Dodoma una kosa moja kubwa, unatoka Dodoma. Nimemwona kwa macho yangu mgeni wa semina akiagiza mvinyo wa Ufaransa kwenye hoteli ambayo mizabibu unaiona ukichungulia nje. Mizabibu hiyo ililetwa huku katika miaka ya 1950 na wamisionari Wakatoliki kutoka Italia, pale Bihawana, watu waliotaka mvinyo wa misa bila kungoja meli. Wakakuta kitu ambacho Mgogo yeyote angewaambia bure: jua halikosi, mvua ni ya msimu mfupi, na ukame ni mrefu. Mzabibu ni mmea unaopenda kuteswa kidogo.

Kule Ulaya mzabibu hulala majira yote ya baridi na kuvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi huupogolea, akaunywesha, nao ukaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Mavuno mara mbili kwa mwaka. Zabibu inayojulikana zaidi inaitwa Makutupora, jina la mahali palipo kituo cha utafiti wa zabibu. Mvinyo wake mwekundu una rangi ya zambarau zilizoiva hadi kupasuka, na ukakasi unaokumbusha bibo ulilouma utotoni bila ruhusa. Hauombi radhi. Ukitaka mvinyo mpole, kuna wa Chenin Blanc, mweupe, wa zabibu zinazolimwa huku huku.

Lakini hata ununue upi, utauharibu, kwa sababu utaunywa wa moto.

Vitabu vinasema mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumba. Vitabu hivyo viliandikwa na watu wenye nyumba za mawe, waliokaa sebuleni wamevaa makoti. Chumba chao ni nyuzi 16 hadi 18. Chumba changu cha Tabata, kule Dar es Salaam, mwezi wa Februari, kilikuwa nyuzi 31, na feni ikizunguka kama inayotafuta pa kutorokea. Katika joto hilo kileo hukimbilia puani kwanza, tunda linabaki nyuma kama mzee kwenye ngazi, na unachokunywa kina ladha ya dawa ya kikohozi. Miaka mingi tulisema mvinyo wa bei poa ni mbaya. Ulikuwa na homa.

Weka chupa ya mwekundu kwenye friji nusu saa. Watakucheka. Waambie ndivyo wanavyofanya kwa mvinyo wa Beaujolais, na kweli ndivyo wanavyofanya. Usijali matamshi, nao hawayajui. Mweupe uache upoe zaidi. Na kama umeletewa mweupe mbaya usioweza kuukataa, tuseme na mkwe, utie baridi kali hadi chupa itoe jasho. Baridi huzima harufu na ladha. Kwa mvinyo mzuri hiyo ni dhambi, kwa huu ni huruma.

Kwa sababu hiyo hiyo, dukani usichukue chupa iliyo dirishani ikipigwa na jua la saa nane. Omba ya nyuma, ya gizani, yenye vumbi kidogo. Vumbi jingi si umri wa heshima, ni ushahidi kwamba wenzako wameikataa. Kifuniko cha kuzungusha kisikutishe, kinaziba vizuri tu, na kinakuepusha na kizibo kibovu kinachoupa mvinyo harufu ya gunia lililolala mvuani.

Tuje kwenye kabati la vyombo. Hili ni kaburi la mvinyo la Afrika Mashariki na halijaandikiwa vya kutosha. Nyumbani kwa mjomba wangu kulikuwa na chupa ya zawadi ya harusi iliyosimama kati ya sahani za wageni na saa iliyokufa, chini yake kitambaa cha kufuma, ubavuni televisheni ikiipasha moto kila jioni kuanzia taarifa ya habari. Miaka 11. Ilikuwa inangoja siku kubwa. Binamu alipohitimu chuo ikaonekana siku imefika. Kizibo kiliingia ndani badala ya kutoka nje. Tukanywa siki kwa shangwe na vigelegele, na shangazi akatutuliza kwamba ndivyo mvinyo wa kale unavyokuwa. Uliobaki uliingia kwenye kachumbari, na kachumbari ilisifiwa mtaa mzima.

Mvinyo mwingi duniani hutengenezwa ili unywewe ndani ya miaka michache, na wa bei yetu ndio kabisa. Ile michache inayozeeka vizuri inataka giza, ubaridi na utulivu, vitu ambavyo sebule ya Mtanzania haijawahi kuahidi. Nunua, poza, kunywa.

Kwa anayekunywa glasi moja jioni kuna sanduku. Najua, najua. Sanduku linafanana na la sabuni. Lakini ndani yake mna mfuko unaojikunja kadiri unavyochota, hewa haiingii, na mvinyo hukaa wiki kadhaa bila kuchacha, wakati chupa iliyofunguliwa huanza kulegea baada ya siku mbili au tatu. Mwaustralia Thomas Angove alisajili wazo hilo mwaka 1965, na sijui kwa nini hakuna barabara yenye jina lake. Sanduku la lita 3 ni chupa 4 kamili. La lita 5 linazidi chupa 6 na nusu, na glasi yenyewe, ile nzito tuliyoitoa kwenye hesabu, hukuilipia.

Aibu ya sanduku inatibika kwa jagi. Chotea jikoni, mlango ukiwa umerudishiwa, kisha lete jagi mezani kwa mwendo wa pole. Ukiulizwa, sema unauacha uvute hewa. Si uongo: mwekundu mchanga wenye ukakasi hulainika kidogo ukimiminwa. Hilo jagi ndilo lile la juisi ya ukwaju; lioshe vizuri.

Kuzungumza nako ni kazi. Zungusha glasi mara tatu, si nne, nne ni kutafuta sifa. Nusa ukiwa umekunja paji la uso kama unayesoma barua ya benki. Kisha taja tunda ambalo hakuna mtu mezani aliyewahi kulila. Wakosoaji wa ng'ambo hutaja beri za kila rangi, na nani atabisha? Ukisema zambarau au ubuyu, utakuwa umesema kweli na kila mtu atakuelewa, na heshima yako itaishia hapo hapo.

Kuhusu bei, jambo ni zito zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa California waliwalaza watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakawaonjesha mvinyo na kuwatajia bei: huu dola 10, huu dola 90. Ulikuwa ule ule. Walipotajiwa dola 90 waliusifia zaidi, na ubongo wao nao uliunga mkono, sehemu inayohusika na raha ikachangamka kweli. Kabla yao, huko Bordeaux, Ufaransa, Frédéric Brochet aliwapa wanafunzi 54 wa somo la mvinyo glasi ya mweupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, nao wakaieleza kwa maneno ya mwekundu. Sasa fikiri. Ukimwambia mgeni kuwa chupa ni 15,000, atafurahi kwa 15,000. Ukibandua kibandiko na kunong'ona kuwa hutaki hata kuitaja bei, umemwongezea raha bila senti moja. Kidini ni uongo. Kisayansi ni ukarimu.

Kwenye sherehe, panga foleni. Mkuu wa karamu kule Kana ya Galilaya alishangaa kwa sababu alizoea utaratibu wa kawaida: mvinyo mzuri hutangulia, wageni wakishachangamka ndipo hafifu huletwa. Fuata utaratibu wa kawaida. Bwana harusi wa Kana aliugeuza, lakini alikuwa na msaada ambao kamati yako haina. Shampeni ya kufungulia ukumbini usiipigie mahesabu marefu. Kazi yake ni mlio na picha, na zile za bei ndogo nyingi hutiwa gesi kama soda. Mlio ni ule ule.

Chakula kitakusaidia kuliko lebo. Makutupora mwekundu mpe nyama choma yenye mafuta na chumvi, ukakasi utanywea wenyewe. Usimpe samaki aliyezama kwenye pilipili. Kileo huchochea moto wa pilipili, na hapo ndipo mweupe wenye baridi na sukari kidogo unapojipatia riziki. Kuhusu mlenda sina ushauri. Nimewauliza wenyeji, wakanitazama kwa huruma.

Haya yote nimeyafundisha nyumbani kwangu, na Pasaka iliyopita nilipata nafasi ya kuyaonyesha. Mkuu wangu wa kazi alipostaafu aliniachia chupa moja ya Bordeaux, ya kweli, ya gharama ambayo sitaitaja. Shemeji yangu alipokuja na mkewe nikaona siku ndiyo hii. Nikamwambia mama watoto aifungulie jikoni, aimimine kwenye jagi, na chupa yenyewe ailete tupu ikae mezani ili tusome lebo. Akaleta. Nikazungusha mara tatu. Nikawaeleza kuhusu mawe ya kokoto, mapipa ya mwaloni, na jinsi mtu mwenye ulimi anavyoweza kutambua pengo kati ya hiki na vile vitu vya sandukuni. Shemeji alifumba macho akasema anaiona tofauti. Niliiona pia. Nilimwonea huruma kila aliyewahi kunywa kingine.

Usiku nikaingia jikoni kutafuta maji. Sanduku letu, nililokuwa nimelifungua Ijumaa Kuu, lilikuwa limebonyea, mfuko ndani umekauka kabisa.

"Mama Neema," nikaita taratibu, "ile chupa ya bosi iko wapi?"

"Ile? Tuliinywa na dada siku ulipokwenda semina Morogoro. Chupa nikaihifadhi, nilijua utaitaka."

Nikavuta kiti, nikakaa. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayefunga hesabu za mwaka, ilikuwaje.

"Nzuri tu," akasema akipanga vikombe. "Ilikuwa kali kidogo, tukaichanganya na Sprite."