Sifa za Hendibreki Iliyokufa

Karibu kila kiungo cha gari kimepata wa kukisifia. Injini inasifiwa kijiweni kutwa nzima, springi zina mashabiki wao, hata honi ina wapenzi, hasa alfajiri, mlangoni kwa watu waliolala. Hendibreki haina mtu. Nami sikuja kuisifia ile nzima. Hiyo inashika, inaachia, na ujira wake ni kusahauliwa. Ninayoitetea ni ile iliyokufa: mkono umesimama palepale ubavuni mwa dereva, kitufe kinabonyea, ukiuvuta unalia kre-kre-kre, na gari halina habari.

Kwa mwenye Land Rover ya zamani, na huku Nachingwea bado zimo zinazobeba magunia ya korosho na wagonjwa kwa zamu, swali hili halikwepeki. Fundi anatoka chini ya gari, oili mpaka kwenye viwiko, anajifuta kwa kipande cha shati la mtu, anauliza: "Mzee, hii tuing'oe au tuiache?" Kutengeneza hakutajwi. Kutengeneza ni maneno ya watu wa mjini, waliopakana na duka la spea. Basi chini ya mwembe gereji inagawanyika, kuna chama cha kung'oa na chama cha kuacha, na mwenye gari, ambaye ndiye atakayelipa, haulizwi tena.

Mimi ni wa chama cha kuacha, wa damu.

Tazama kwanza inavyokufa. Tangu Land Rover ilipotoka mwaka 1948, hendibreki yake haikuwekwa kwenye magurudumu. Ilifungwa nyuma ya giaboksi, kwenye drami linaloshika propela ya kwenda nyuma. Ukiizuia propela, umelizuia gari. Jirani yake ni sili ya giaboksi, na sili ikichoka, oili inapenya kidogo kidogo mpaka ndani ya drami na kuzilowesha lainingi. Kwa hiyo hendibreki hii haihitaji kutu wala kuvunjika. Inakufa kwa kulainishwa, maradhi ambayo nchi hii inayajua hata kwa viungo visivyo vya gari.

Sasa ilinganishe na iliyo hai. Dereva anaegesha kwenye mteremko, anaivuta, anaiamini, anapiga jeki gurudumu moja la nyuma ili abadili tairi. Difu haijali imani ya mtu. Propela imeshikwa, ndiyo, lakini gurudumu lililo hewani linazunguka upande wake na lile la chini linazunguka upande mwingine, na gari lenye hendibreki nzima kabisa linateremka kutoka juu ya jeki. Iliyokufa haijawahi kumdanganya mtu namna hiyo. Mwenye nayo haingizi hata kichwa chini ya gari kabla ya kuweka mawe mbele na nyuma, tena anayapiga teke kwanza kuona kama yamekaa. Wenye magari ya otomatiki wanatucheka: sisi tunaweka P, yamekwisha. Wanasahau kwamba hiyo P ni kijino kimoja cha chuma ndani ya giaboksi, na uzito wote wa gari umekiegemea. Sisi tumeegemea jiwe, na jiwe tunaliona kwa macho.

Chama cha kung'oa kina hoja moja tu: haifanyi kazi, sasa ya nini? Hoja ya hatari hiyo. Tukianza nayo kwenye Land Rover, tutaisimamishia wapi? Ziko meza ngapi nchini, zina kiti, zina kibao cha jina na simu ya mezani, ambazo hazitapona tukiwaachia watu wa aina hii spana?

Lakini twende kwa vitendo. Ukiung'oa ule mkono unabaki na tundu kwenye sakafu, na aliyekula vumbi jekundu la barabara zetu wakati wa kiangazi anajua tundu hilo litamletea nini puani. Utaliziba kwa kipande cha ndala, nacho kitalegea kwa joto la giaboksi kabla hujafika Ruangwa. Halafu mfuko wa korosho za kutafuna njiani utautundika wapi? Abiria wa katikati, yule aliyekalia nusu ya kiti, atajishikiza kwa nini kwenye makorongo?

Nachingwea ina sababu yake ya kuogopa kung'oa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, Urambo na hapa. Walileta hata vifaru vya Sherman vilivyotoka vitani, vikageuzwa matrekta na kupewa jina la Shervick, ili vifyeke pori. Ikajengwa reli ya kuzishusha karanga pwani. Mwaka 1951 serikali ya London ikakubali yaishe, pauni zipatazo milioni 36 zimekwenda na karanga za maana hazikuonekana. Kama kuna mtu angefaa kuwa na hendibreki ni yule aliyeuendesha mradi ule, lakini ninachokitaka hapa ni reli. Ilikosa mzigo, ikaulizwa swali lilelile la fundi, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. Tangu hapo msimu wa ufuta ukifika na msimu wa korosho ukifika ni malori, na reli ya kusini tunaisikia kwenye mipango. Laiti wangeiacha ikae imekufa palepale, angalau leo tungebishana juu ya kuifufua.

Wenye wasiwasi watauliza: na sheria je? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuliacha suala la breki kwenye hiari ya mwenye gari, na hapo ndipo chama cha kuacha kinaposhinda moja kwa moja. Wiki ya Nenda kwa Usalama ikifika, stika zikaanza kutolewa, magari hupangwa mstari kiwanjani. Mkaguzi anasogea dirishani.

"Hendibreki?"

"Ipo, afande."

"Vuta."

Kre-kre-kre. Dereva anaambiwa aachie breki ya mguu, anaachia, gari limetulia tuli. Uwanja ni tambarare, na kwenye tambarare kila gari lina hendibreki. Sasa yule aliyeung'oa mkono wake angevuta nini? Angebaki anaeleza, na dereva anayeeleza mbele ya trafiki ameshashindwa.

Ruangwa ndiko kwenye mtihani. Kule kuna miinuko, na tangu timu yao ya mpira, Namungo, ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, siku ya mechi kubwa magari yanakuwa mengi kuliko mahali pa kuyaweka. Hapo utauona ustaarabu unaoletwa na hendibreki iliyokufa. Mwenye gari jipya anaegesha popote, anashuka, anafunga kwa rimoti bila kugeuka nyuma. Wetu anaisoma ardhi kwanza. Anatafuta kichuguu, mzizi wa mwembe, mtaro wa kulaza tairi moja. Pua ikiangalia chini anaweka rivasi, ikiangalia juu anaweka gia ya kwanza; anakata usukani gurudumu lielekee ukingoni; anasikiliza. Ukimwona mtu mzima amesimama kando ya gari lake dakika nzima bila kufanya kitu, usidhani anaswali. Anangoja kuona kama litaondoka.

Na utingo! Huyu ndiye aliyenufaika kuliko wote. Utingo wa gari lenye hendibreki nzima ni abiria asiyelipa nauli. Wa kwetu ana cheo. Gari halijasimama ameshashuka, jiwe mkononi, anakwenda mbio ubavuni, macho kwenye tairi, sikio kwa dereva. "Weka!" Jiwe linaingia upande wa mteremko, gari linashuka nusu shubiri, linaligusa, linaguna, linatulia. Wala si jiwe lolote tu. La mviringo halifai, litabiringika nalo gari. Linalotakiwa lina tumbo bapa la kukaa chini na mgongo ulioinama wa kupokea tairi, kubwa kuliko kichwa cha mtoto, dogo kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja. Likipatikana linakaa garini miaka, upande mmoja mweusi kwa mpira, na halikopeshwi. Wengine wana gogo la mti mgumu lenye kitanzi cha kamba, lakini hao wanajiona. Nyakati za mnada wa korosho, malori yamepanga foleni kwenye maghala ya vyama vya ushirika vya RUNALI na kila baada ya robo saa foleni inasogea hatua mbili, kazi ya jiwe haina mapumziko: toa, sogea, weka, toa, sogea, weka. Mikutano mingapi imefanywa kutafuta ajira za vijana, na ajira iko chini ya tairi!

Ipo lawama moja tunayotupiwa, na sitaikimbia: mawe tunayoyaacha barabarani. Gari linakorofisha mlimani, linatengenezwa gizani, linawaka, dereva anaondoka nalo kabla halijabadili mawazo, jiwe linabaki katikati ya njia. Wasiotuelewa wanauita uzembe. Ni sadaka. Gari linalofuata, likiwa na hendibreki ya aina yetu, litakuta jiwe limeshawekwa. Ama kuhusu mwenye bodaboda atakayelikuta saa mbili usiku, taa yake imeelekea mbinguni, kapakia watu watatu na kuku, tutamwomba kwanza atueleze breki zake yeye zikoje.