Mwongozo wa kufuatilia kikokotoo ukiwa Ikwiriri

Kwanza tafuta kiti. Si kile cha bungeni Dodoma, kile kina mwenyewe kwa miaka mitano. Nasema benchi la kijiwe cha kahawa hapa Ikwiriri, kando ya barabara ya Kilwa, pale mabasi ya Lindi na Mtwara yanapopunguza mwendo na wauza maembe wakayakimbilia madirishani. Kaa upande wenye kivuli, agiza kahawa na kashata, kisha hakikisha jirani yako ana simu yenye bando. Yako iache mfukoni. Mjadala wa kikokotoo, yaani hesabu ya mafao ya wastaafu, ni mrefu, na bando la wiki halina mbunge wa kulitetea.

Pili, jifunze lugha. "Mchakato unaendelea" maana yake nenda nyumbani. "Serikali iko mbioni" maana yake imekaa. "Fedha zitakapopatikana" ni tarehe, iandike kwenye kalenda yako baada ya tarehe 31. "Naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja" husemwa na mbunge ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa anaichana hoja hiyohiyo vipandevipande. Na ukisikia mheshimiwa anatishia kushika shilingi, usijipapase. Anayoishika ni shilingi ya mshahara wa waziri, na mara nyingi huiachia kabla jua halijazama, waziri akishaahidi kwamba watakaa waongee. Shilingi ya mstaafu ndiyo yenye desturi ya kushikwa ikasahauliwa.

Sasa okota kijiti, tuhesabu mchangani.

Chukua mwalimu aliyekuwa mwanachama wa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Mshahara wa kukokotolea ni shilingi milioni moja kwa mwezi, na amechangia miezi 360, yaani miaka 30 ya kumeza vumbi la chaki. Kwa hesabu za zamani unachukua mshahara wa mwaka, unazidisha kwa miezi, unagawa kwa 540, unazidisha kwa 15.5, halafu unakata nusu. Mwalimu anaondoka na mkupuo wa milioni 62, na kila mwezi analipwa kama 333,000. Kanuni za 2018 zikaleta 580 badala ya 540, 12.5 badala ya 15.5, na asilimia 25 badala ya 50. Mwalimu yuleyule, chaki ileile, mkupuo milioni 23 na chenji.

Hiyo 12.5 ina mambo yake. Wataalamu huihusisha na miaka ambayo mtu anakadiriwa kuishi baada ya kustaafu. Kwa hiyo zamani mwalimu wetu alikuwa na ruhusa ya miaka 15 na nusu, sasa amepunguziwa mitatu bila hata kuugua. Akiizidi hiyo 12.5 pensheni yake ya mwezi haikatwi, ila ajue tu kwamba anaishi kwa ukaidi.

Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akawaita wahusika Ikulu na kuagiza kila mfuko urudi kwenye hesabu zake za zamani hadi 2023. Kijiwe kilishangilia siku hiyo, kahawa ikanywewa kwa mkopo. Lakini 2023 yenyewe haikusubiriwa: tarehe 1 Julai 2022 ikaingia asilimia 33, na ule mkupuo ukasimama kwenye milioni 30 na laki saba. Tarehe 13 Juni 2024, akisoma bajeti, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba akatangaza kwamba waliokuwa kwenye 50 zamani watapanda hadi 40, na wale waliokuwa kwenye 25 watapewa 35. Hapo ndipo unapotakiwa kupiga meza. Kwa kuwa uko kijiweni, piga benchi, na piga taratibu, vikombe vina wenyewe.

Milioni 37, basi. Ukihesabu kuanzia 30 hiyo ni nyongeza. Ukihesabu kuanzia 62, mwongozo huu hauna jina lake. Nakushauri uanze kuhesabu pale waziri anapoanzia, presha haitapanda.

Atatokea mjuaji wa kijiweni aseme, "Lakini ya mwezi si imeongezeka?" Msikilize, hajakosea. Mkupuo ulipokatwa hadi asilimia 25, pensheni ya mwezi ilifika kama 465,000. Kwenye asilimia 40 inakuwa kama 372,000, na zote ni zaidi ya zile 333,000 za zamani. Hoja ya Serikali ni kwamba mifuko ilikuwa inaelemewa, na kwamba mzee mwenye kipato cha kila mwezi yuko salama kuliko mwenye gunia la pesa siku moja. Mimi naikubali nusu. Nusu nyingine waulize wanaojenga. Mwalimu mmoja mstaafu wa hapa alisimamisha kuta zake mpaka kwenye lenta akiungoja mkupuo. Kuta zipo, zimeota majani kwa juu, na mbuzi wa jirani hulala sebuleni. Anasema bati haziuzwi kwa mwezi.

Hatua inayofuata ni ya watu wenye moyo mgumu: usisome sheria. Ukiisoma utakuta kwamba Bunge lenyewe, Januari 2018, ndilo lililopitisha kuunganishwa kwa PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa PSSSF, na kuiachia NSSF sekta binafsi. Kikokotoo kiliachwa kije baadaye kwa kanuni, na kanuni hutungwa na waziri. Walioafiki wakasema ndiyo, walioafiki wakashinda. Kanuni zilipotoka, baadhi ya walioafiki wakashtuka kwa sauti kubwa kuliko mimi na wewe. Huko ndiko kuzaa mtoto kwa kura, kisha kuuliza kafanana na nani.

Na usiulize kikokotoo cha mbunge mwenyewe. Bunge likivunjwa, mheshimiwa hupata kiinua mgongo chake kwa kazi ya miaka mitano, bila kusubiri 60 na bila kugawiwa kwa 580. Mgongo wake huinuliwa ukiwa bado umenyooka.

Hatua ya tano hadi ya nane ziko kwenye mchakato.

Ya tisa ndiyo iliyonishinda. Jioni moja tulikuwa kwenye asilimia 40, watu wanabishana mpaka kashata zinaanguka, na bibi anayetuuzia vitumbua akaweka chini bakuli lake.

"Mjukuu wangu, hiyo arobaini yenu, na mie nimo?"

"Bibi, hiyo ni ya watumishi."

"Kwani mie sikutumika?"

Tafadhali jizoeze jibu la swali hilo kabla hujafika kijiweni. Mimi sikuwa nalo. Bibi huyo amelima mpunga bondeni tangu ni msichana, na mazao ya mlau kwenye unyevu maji yakishuka. Amelala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo shambani, miezi mizima akipigia kelele nguruwe na ndege, viboko wakipita chini usiku. Hakuna aliyemkata asilimia tano ya mshahara, kwa sababu hakuna aliyemlipa mshahara. Aprili 2024 Rufiji ilipofurika, mashamba ya watu wengi huku na kule Kibiti yakaenda na maji, na lake likiwemo, dungu na vyote. "Bonde limenistaafisha," aliniambia, "halikunipa hata barua." Miezi miwili baadaye ndipo ile bajeti ya asilimia 40 iliposomwa.

Nilimtajia TASAF. Akanikumbusha, kwa upole kuliko nilivyostahili, kwamba ule ni mpango wa kaya maskini, na kwamba uzee si sawa na umaskini ingawa huwa wanatembea pamoja. Nikamtajia kwamba hata mkulima anaweza kujiunga NSSF kwa hiari akachangia. Akaniuliza anatakiwa achangie muda gani. Nikasema ili apate pensheni, miezi 180. Akahesabu kwa vidole, akacheka sana, akanipa kitumbua cha bure.

Basi nikamweleza habari za Zanzibar. Kule, tangu Aprili 2016, mzee aliyetimiza miaka 70 analipwa Pensheni Jamii hata kama hakuwahi kuajiriwa na mtu. Walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye wakapandisha hadi 50,000. Mkulima wa karafuu, mvuvi, mama wa mwani, wote wamo. Macho ya bibi yakang'aa. Akauliza kama boti za Nyamisati zinafika huko.

Ikabidi nimkatishe tamaa kijiografia. Boti za Nyamisati zinakwenda Mafia. Mafia ni kisiwa, ina minazi, ina pweza, ina bahari pande zote, lakini ni wilaya ya Mkoa wa Pwani kama Rufiji yetu. Ukiwa Mafia umezungukwa na maji chumvi na bado kwa pensheni uko Bara. Na hata ukivuka mpaka Unguja, lazima uwe Mzanzibari mkaazi. Hawapokei wazee wa Rufiji kwa mkupuo.

Hatua ya mwisho, kwa mbunge yeyote atakayepita kijiweni na kuulizwa na bibi huyu. Mheshimiwa, usimpe mchakato, anaujua. Usimwambie Serikali iko mbioni, yeye amekimbia mafuriko, anajua mbio zinavyokuwa. Peleka swali lake Dodoma kama alivyoliuliza, kwa maneno yaleyale matatu, na ukishika shilingi ya waziri ishike mpaka kesho yake.

Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa 2003, mwaka uleule lilipofunguliwa Daraja la Mkapa hapo mbele yetu, mita 970 juu ya Mto Rufiji. Daraja tunalipita kila siku.