Jogoo wa Bukura Ataka Sanamu

Bukura, kaunti ya Kakamega, saa nne asubuhi. Nyuma ya mashine ya kusaga unga kuna rundo la mchanga ambalo mwenyewe alilimwaga siku nyingi akasahau nyumba aliyotaka kujenga. Jogoo amesimama kileleni, kifua mbele, kama kawaida yake. Njiwa ametua sasa hivi kutoka Nairobi. Kusema kweli, kuanzia Nakuru alipanda juu ya lori, lakini hilo hatalisema.

JOGOO: Mulembe, mpwa wangu. Umekonda. Nairobi hawali?

NJIWA: Mulembe muno, mjomba. Wanakula, lakini wanakula wakitembea. Kombo likianguka linaanguka barabarani, na barabarani kuna matatu. Nyumbani wazima?

JOGOO: Wazima. Wiki hii mwewe kachukua wawili tu. Sasa sikiliza, nilikuita kwa jambo zito. Nataka sanamu.

NJIWA: Ya nani?

JOGOO: Unauliza ya nani, nami nimesimama mbele yako?

NJIWA: Samahani, mjomba. Nilidhani ni mambo ya mfalme wetu wa zamani, Nabongo Mumia.

JOGOO: Nabongo tunamheshimu, apumzike. Mimi nazungumzia rekodi yangu. Tazama nembo ya taifa. Simba wawili wamesimama kando, wanashikilia ngao, kazi ya mabawabu. Katikati ya ngao ni nani? Jogoo, tena ameshika shoka. Nenda kwenye pasipoti, nenda mahakamani, hakimu amekaa chini yangu. Chama kilichotawala tangu 1963 hadi 2002 kilikuwa na alama gani? Nairobi kwenyewe kuna Jogoo Road. Na hapa Bukura, chuo hiki cha kilimo kimesomesha watu kuhusu kuku tangu enzi za mkoloni. Wametoka na vyeti, wamepata kazi, wamenunua magari. Nani amewahi kuniandikia barua ya shukrani?

NJIWA: Hakuna.

JOGOO: Kwa hiyo, sanamu. Iwe ya shaba, iwe hapo stendi ya bodaboda, inatazama barabara. Wewe unaishi mjini, umeziona. Nieleze utaratibu.

NJIWA: Mjomba, kuziona ni neno dogo. Mimi nalala juu yake. Kuna vichwa Nairobi ambavyo mawaziri walikuwa wakivikaribia wakitetemeka, leo mimi navitumia kama choo. Nianze na Mzee Kenyatta pale KICC. Yule alichongwa na Mwingereza, James Butler, mwaka 1973. Ameketi.

JOGOO: Ameketi? Mtu anajengewa sanamu halafu anaketi?

NJIWA: Ndiye aliyekuwa rais, mjomba, angesimama amngoje nani? Alijiona mwenyewe akiwa shaba miaka mitano kabla ya kufa. Ukitoka hapo, ukafika mtaa wa Kimathi, unamkuta Dedan Kimathi. Huyo amesimama, bunduki mkono mmoja, kisu mkono wa pili, nywele zimesokotwa. Rais Kibaki alimzindua tarehe 18 Februari 2007.

JOGOO: Siku nzuri. Kwa nini hiyo?

NJIWA: Kwa sababu Waingereza walimnyonga tarehe 18 Februari 1957. Ilitimia miaka hamsini kamili. Mkewe alikuwa ameomba mifupa.

JOGOO: Akapewa?

NJIWA: Walimpa sanamu. Kimathi alizikwa gereza la Kamiti na kaburi halina alama. Shaba unaweza kuiagiza ikaletwa; mifupa lazima mtu aseme aliiweka wapi.

(Jogoo anaparua mchanga kidogo, ingawa anajua vizuri hakuna kitu ndani yake.)

JOGOO: Endelea. Wengine?

NJIWA: Tom Mboya, kwenye Moi Avenue, alizinduliwa Siku ya Mashujaa, 20 Oktoba 2011. Amesimama hatua chache kutoka duka la dawa alipopigwa risasi mwaka 1969. Huyo ninamuonea wivu kidogo, kwa sababu miguuni wamemzungushia heroe.

JOGOO: Ndege?

NJIWA: Ndege, mjomba. Wa shaba.

JOGOO: Heroe! Heroe ameifanyia nini nchi hii? Anasimama Nakuru kwa mguu mmoja siku nzima, anapigwa picha na Wazungu, jioni analala. Hajawahi kumwamsha mtu hata mmoja!

NJIWA: Mimi nadhani ni kwa ajili ya safari. Mboya ndiye aliyehangaikia ile ndege ya mwaka 1959 iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani. Mchongaji angeweka ndege ya injini, lakini isingekaa vizuri.

JOGOO: Angeweka jogoo.

NJIWA: Jogoo haruki, mjomba.

JOGOO: Sitaki dharau. Hebu nipeleke bustanini. Nasikia kuna bustani kubwa.

NJIWA: Uhuru Park, ile aliyoifungua Mzee Kenyatta mwaka 1969. Hapo ndipo pa kujifunzia. Kuna sanamu moja, kama ningekuwa binadamu ningeenda kuitazama kila Jumapili. Ni ya Maumau. Mwanamke anampa mpiganaji wa msituni chakula, na nyuso zao wamezigeuza, mmoja huku, mwingine kule.

JOGOO: Wamegombana?

NJIWA: Hapana. Hawataki kujuana sura. Mmoja akikamatwa, hata akipigwa namna gani, hana jina wala uso wa kutaja. Mchongaji angeweza kuwaweka wameshika mikuki wanapiga kelele, kama zilivyo sanamu nyingi. Aliweka hofu na ukarimu kwenye shingo mbili tu.

JOGOO: Na hicho chakula, ni chakula gani?

NJIWA: Sikuchungulia, mjomba.

JOGOO: Ungechungulia.

NJIWA: Kilichonishangaza mimi ni aliyelipa. Waingereza wenyewe. Mwaka 2013 walikubali kuwalipa wazee 5,228 waliokuwa wameteswa, pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi, na wakaongeza ahadi ya mnara. Ukazinduliwa Septemba 2015, balozi wao akiwepo.

JOGOO: Ngoja. Aliyekuchapa ndiye anakujengea sanamu ya kuchapwa, halafu anakuja kupiga makofi?

NJIWA: Na akahutubia. Lakini wazee walilia kwa furaha siku ile, kwa hiyo mimi sikunyea mtu.

JOGOO: Una adabu.

NJIWA: Ukivuka Kenyatta Avenue unaingia Central Park, hapo kuna mnara wa Nyayo wa mwaka 1988, wa kusherehekea miaka kumi ya urais wa Moi. Mkono mkubwa umeshika fimbo, umechomoza kwenye mlima Kenya.

JOGOO: Umechomoza wapi?

NJIWA: Juu, mlimani. Kama mtu aliyezikwa chini ya mlima akakataa kufa. Karibu yake walitengeneza chemchemi za maji. Mwaka uliofuata chama chako...

JOGOO: Si changu. Walitumia picha yangu bila kuniuliza.

NJIWA: Dakika chache zilizopita kilikuwa chako. Haya. Chama kikataka kujenga jumba la ghorofa sitini ndani ya Uhuru Park, na sanamu kubwa ya rais hapo hapo. Wangari Maathai akaandika barua, akaandika nyingine, akaandikia mpaka wakopeshaji wa ng'ambo. Wabunge wakamtukana. Mwishowe fedha zikakauka na jumba likafa kwenye karatasi. Mjomba, nikiulizwa sanamu ninayoipenda kuliko zote Uhuru Park, nitataja hiyo ambayo haikujengwa. Nimepita juu ya pale ingekuwa. Watu wamelala kwenye nyasi.

JOGOO: Wamelala saa ngapi?

NJIWA: Saa tano mchana.

JOGOO: Unaona? Hawana wa kuwaamsha. Hiyo ni hoja ya upande wangu. Na gharama? Shaba ni bei gani?

NJIWA: Bei si shida, shida ni usiku wa kwanza. Umesahau Januari 2022 serikali ilivyopiga marufuku biashara nzima ya vyuma chakavu? Nyaya za stima zilikuwa zinaondoka, vyuma vya reli vinaondoka. Wewe utakuwa hapo stendi peke yako, una kilo mia mbili za shaba. Asubuhi utawika ukiwa Kariobangi, ndani ya gunia.

JOGOO: Basi ya saruji.

NJIWA: Hata ya saruji inaweza kuangushwa. Malkia Victoria alikaa Jeevanjee Gardens tangu 1906, wakati Jeevanjee alipowapa wakaaji wa Nairobi ile bustani. Wakoloni wakaja, wakaondoka, bendera ikabadilishwa, yeye kakaa tu. Mwaka 2015 watu wakamwangusha, kichwa kikaenda zake. Lord Delamere, yule mlowezi, yeye uhuru ulipopatikana aling'olewa mjini akarudishwa shambani kwake Soysambu, kama mfanyakazi aliyemaliza mkataba. Na hapo Kisumu, karibu tu na wewe, jamii ya Masingasinga walijenga mnara wao barabarani. Agosti 2014 kikundi kikasema ni wa shetani, kikaubomoa.

JOGOO: Shetani walimjuaje?

NJIWA: Hawakuufahamu mnara, wakasema ni yeye.

JOGOO: Mimi nina kilemba chekundu na ndevu nyekundu na kucha. Watasema nini?

NJIWA: Ndiyo maana nakueleza, mjomba. Na hata wakikufahamu vizuri, hapo ndipo kuna hatari kubwa zaidi. Uliza Eldoret. Agosti 2024, rais anakuja kuufanya mji uwe jiji, wakaweka haraka haraka sanamu za wanariadha. Sasa, Eldoret! Mahali ambapo hata muuza chai anajua goti la mkimbiaji linavyokunjwa! Watu walicheka mpaka sanamu zikaondolewa kabla hazijapata hata vumbi. Hapa Bukura hakuna mtoto asiyemjua jogoo. Mkia ukipinda vibaya, umekwisha.

JOGOO: Tutatafuta mchongaji mzuri. Huyo wa Kisii.

NJIWA: Elkana Ong'esa, wa Tabaka. Ndege wake wa Amani wa mawe amesimama Paris, makao makuu ya UNESCO.

JOGOO: Ndege! Paris!

NJIWA: Lakini si jogoo.

JOGOO: Sijasema ni jogoo. Nimesema Paris.

(Hapa mwandishi anaomba nafasi kidogo: ukitaka kujua nani mwenye makuu kijijini, taja Paris uone nani atarefusha shingo.)

NJIWA: Kama unataka ushauri wangu, nenda Ilesi. Akina mama wa pale wanafinyanga vyungu kando ya barabara ya Kisumu, wamezoea udongo kuliko sisi tulivyozoea mabawa. Watakufinyangia jogoo wa kiasi, akae dirishani.

JOGOO: Udongo ni wa kupikia.

NJIWA: Na juu ya Ilesi pale kuna Jiwe la Kulia. Nguzo ya mwamba mita arubaini hivi, na jiwe jingine la mviringo limekalia juu kama kichwa, maji yanatiririka usoni. Hakuna mchongaji wala tenda, na hakuna aliyekata utepe. Watu wanatoka Ulaya kulitazama.

JOGOO: Linalia nini?

NJIWA: Kila mzee ana hadithi yake. Mvua ndiyo inajua.

JOGOO: Mimi silii, mimi nawika. Mpwa wangu, umenizungusha Kenya nzima na sijasikia ukisema ndiyo. Kuna kitu unanificha.

NJIWA: Sawa. Wahesabu uliowasikia. Kimathi?

JOGOO: Alinyongwa.

NJIWA: Mboya?

JOGOO: Alipigwa risasi.

NJIWA: Wale wawili wa Uhuru Park waliogeuza nyuso?

JOGOO: Umesema waliteswa.

NJIWA: Mzee Kenyatta?

JOGOO: Huyo hakuliwa. Huyo alikuwa mezani.

NJIWA: Basi umeelewa. Nairobi nimeona njia mbili tu za kupata sanamu: uwe unakula, au uwe umeliwa. Wewe, mjomba, kwa heshima zote, uko upande gani wa meza?

(Kimya. Mashine ya kusaga inawashwa, inazimwa. Stima imepotea.)

JOGOO: Hiyo ni siasa ya Nairobi. Hapa Magharibi tunaheshimiana.

NJIWA: Mnaheshimiana sana. Nieleze basi, siku ya uzinduzi itakuwaje?

JOGOO: Itakuwa Jumamosi. Wageni wanafika saa nne.

NJIWA: Saa saba.

JOGOO: Wanafika saa saba. Mheshimiwa na msafara wake. Maombi, wimbo wa taifa, ngoma ya isukuti. Chifu, mkuu wa shule, mwakilishi wa wadi. Mheshimiwa anavuta kitambaa. Makofi. Halafu wageni wanaelekezwa kwenye hema.

NJIWA: Kufanya nini?

JOGOO: Kula.

NJIWA: Kula nini, mjomba, mgeni mkubwa amefika kwa Waluhya?

JOGOO: ...

NJIWA: Na imondo atapewa nani?

JOGOO: Mheshimiwa.

NJIWA: Firigisi ya nani?

JOGOO: Usirudie hilo neno.

NJIWA: Na hema linakaa karibu na sanamu, kwa sababu ya kivuli. Atakuwa anatafuna huku anakutazama, anasema, "Kwa kweli huyu alikuwa jogoo."

(Jogoo anashuka kutoka kileleni. Anashuka polepole, ili asionekane ameshuka. Anazunguka rundo la mchanga mara moja, anarudi.)

JOGOO: Mpwa wangu, nimekuwa nikifikiria umoja wa wananchi. Uongozi ni kujua wakati wa kuwapisha wengine. Si vizuri heshima yote ikae kwa mtu mmoja.

NJIWA: Maneno mazito hayo.

JOGOO: Pale kwa mwalimu mstaafu kuna bata mzinga. Ana kifua, ana sauti, tena ana uzito. Watu wengi hula kutoka kwake... yaani, watu wengi wanamheshimu.

NJIWA: Na yeye amekubali?

JOGOO: Hajui bado. Pitia pale ukienda. Mwambie wananchi wa Bukura wamekaa, wamejadiliana, na jina lake limependekezwa bila kupingwa.

NJIWA: Akiuliza ni nani alimpendekeza?

JOGOO: Mwambie mimi. Na mwambie aanze kula vizuri kuanzia leo.