Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: naomba hewa ya maabara za uzazi ipimwe

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Najua mezani kwako kuna mafaili ya wodi za wazazi, ya dawa na ya bima ya afya, na kila moja lina uzito wake. Dakika utakazoisomea barua hii umezitoa kwenye kazi ya taifa, nami naomba radhi kwa kuzichukua. Nisingethubutu kukuandikia mbele ya watu kama jambo lenyewe lisingewahusu wanawake na wanaume ambao shida yao hawaisemi hadharani.

Mimi ni mtaalamu wa maabara ya upandikizaji mimba. Daktari akishayavuna mayai, mimi ndiye ninayeyapokea, ninayakutanisha na mbegu za baba, kisha ninavilea viinitete ndani ya inkubeta kwa nyuzijoto 37 hadi siku ya kumrudishia mama. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kuwa takriban mtu 1 kati ya 6 hukumbana na ugumba katika maisha yake. Kwetu watu hao huitwa majina ambayo sitayaandika mbele yako, Mheshimiwa. Wanaotufikia wameuza kiwanja, wamekopa kwenye vikoba, wengine wamewaambia ndugu kwamba wanasafiri kikazi.

Naomba ruhusa yako nieleze kidogo jinsi hewa ya chumba chetu inavyokwenda, maana ombi langu lote limekaa hapo. Kiinitete hakivumilii vumbi wala harufu ya rangi, ya manukato au ya spiriti. Kwa hiyo hewa inayoingia maabara hupitishwa kwanza kwenye chujio la mkaa linalonasa harufu, kisha kwenye chujio la HEPA linalonasa angalau asilimia 99.97 ya chembechembe zenye ukubwa wa mikromita 0.3. Halafu chumba hujazwa hewa kwa msukumo mkubwa kuliko wa vyumba jirani, ili mlango ukifunguliwa hewa itoke nje na vumbi lisipate nafasi ya kuingia. Kwa kiinitete huo ni ulinzi mzuri, na waliobuni mpango huo nawaheshimu.

Lakini ndani ya chumba hicho nimo na mimi, Mheshimiwa. Nikiwa na virusi vya njia ya hewa kifuani, viwe vya mafua makali, vya UVIKO-19 au vya surua, msukumo uleule unaokilinda kiinitete ndio unaoichukua pumzi yangu na kuipitisha kwenye kidirisha cha kupokelea mayai. Upande wa pili wa kidirisha kuna chumba cha upasuaji, na kitandani amelala mama aliyepewa dawa ya usingizi, hana barakoa. Chujio lingeisafisha pumzi hiyo kama ingerudi kwenye mtambo. Ikishatokea kidirishani, hairudi.

Naomba nikiri jambo ambalo sijapata kulisema. Mwaka 2021, katika kituo ninachofanyia kazi, niliingia maabara nikiwa na homa. Usiku wa kuamkia jana yake akina mama watatu walikuwa wamechomwa sindano ya kukomaza mayai. Sindano hiyo ikishachomwa, saa haisimami: mayai huvunwa baada ya takriban saa 36, na yakicheleweshwa hutoka yenyewe na kupotea. Majuma mawili ya sindano za kila siku na fedha zote walizokusanya huenda na maji. Mtaalamu wa pili hatukuwa naye. Nilipomweleza msimamizi hali yangu, nilijibiwa kwamba nivae barakoa mbili na nifanye haraka.

Nilizivaa, na kazi nikaimaliza. Mayai yalirutubishwa vizuri. Ndani ya juma moja muuguzi wa upande wa pili wa kidirisha aliugua, na mmoja wa wale akina mama naye akaugua. Upandikizaji wake uliahirishwa na viinitete vyake vikagandishwa. Siwezi kuthibitisha kwamba ni mimi niliyewaambukiza. Wala siwezi kuthibitisha kwamba si mimi.

Kwa unyenyekevu, naomba hadithi hiyo usiipokee kama mashitaka dhidi ya kituo kimoja. Udhaifu huu wa kumtegemea mtaalamu mmoja ni wa zamani katika kazi yetu. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kuzaliwa kwa njia hii, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, na dunia inawakumbuka Robert Edwards na Patrick Steptoe. Aliyekuwa nao maabara ni Jean Purdy, muuguzi aliyejifunza kazi hii kwa mikono yake. Purdy alipolazimika kukaa nyumbani kumuuguza mama yake, kazi ya Oldham ilisimama hadi aliporudi. Walisimama kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuifanya. Sisi hatukusimama, na ndipo kosa lilipo.

Wasiwasi wangu mkubwa hauko kwa viinitete. Yai lina utando wake mgumu ulio kama ngao, na maji ya kulelea hubadilishwa mara kadhaa. Wasiwasi wangu uko kwa wanaopumua. Mama anayetoka kwetu akiwa na mimba changa ndiye ambaye UVIKO-19 humwangusha vibaya kuliko mwanamke asiye na mimba, na rubella katika miezi ya mwanzo yaweza kumharibu mtoto tumboni. Chanjo ya pamoja ya surua na rubella iliingia kwenye ratiba yetu ya watoto mwaka 2014, kwa hiyo mama wa miaka 35 anayeketi kwenye benchi letu leo hakuipata utotoni. Virusi vya surua vyaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Na benchi letu la kusubiria, Mheshimiwa, mara nyingi liko kwenye korido isiyo na dirisha, kwa sababu wateja wetu huomba wasionekane kutoka barabarani.

Nisipouzungumzia umeme nitakuwa nimekudanganya. Vituo vingi hununua jenereta na kuiunganisha kwanza na inkubeta, na ni haki. Mtambo wa kusafisha hewa hula umeme mwingi, hivyo huachwa. Umeme ukikatika, inkubeta zinaendelea kuwaka na hewa ya chumba inasimama. Kwa jedwali la CDC ya Marekani, chumba ambacho hewa yake hubadilishwa mara 12 kwa saa huondoa asilimia 99 ya uchafu unaoelea ndani ya dakika 23. Kikibadilisha mara 6, dakika 46. Ambacho hakibadilishi hata mara moja hakimo katika jedwali hilo. Ndimo tunamofanyia kazi mpaka umeme urudi.

Hata vitakasa mikono, vilivyookoa wengi mlangoni mwa kila duka mwaka 2020, kwetu ni tatizo, kwa kuwa mvuke wa spiriti hudhuru viinitete. Tunanawa kwa sabuni na maji tiririka kabla ya kuingia, basi. Mkaguzi mwenye nia njema aliyezoea hospitali za kawaida anaweza kutuagiza tuweke chupa ya spiriti kila meza. Vilevile anaweza kuja na kipimo cha hewa ya ukaa, ambacho darasani au ofisini huonyesha kama watu wamebanana bila hewa safi, nacho kikamdanganya, kwa sababu inkubeta zetu zenyewe hutumia gesi hiyo na huivujisha kila zinapofunguliwa. Kwetu kinachotakiwa kupimwa ni mwendo wa hewa yenyewe: inaingia kiasi gani, inabadilishwa mara ngapi kwa saa, na inatokea wapi.

Ndiyo sababu nimekuja mbele yako nikiwa nimeinamisha kichwa. Naomba, kwa kadiri itakavyokupendeza, uwaelekeze wataalamu wako waandike mwongozo wa hewa kwa ajili ya maabara za uzazi peke yake, na kibali kisitolewe wala kuhuishwa kabla hewa haijapimwa, pamoja na ya kidirisha na ya benchi la kusubiria. Jenereta ihesabiwe kuwa imekamilika pale tu inapobeba na mtambo wa hewa. Anayeanza matibabu aulizwe habari ya rubella na surua mapema, maana chanjo hiyo yapasa itangulie mimba kwa mwezi mmoja au zaidi.

Na zaidi ya hayo yote, kituo kisiruhusiwe kumchoma mama sindano ya kukomaza mayai bila kuandika jina la mtaalamu wa pili atakayeshika kazi iwapo wa kwanza ataamka na homa. Kama kituo hakina mtu huyo, kiingie makubaliano na jirani. Dar es Salaam hatuko wengi, tunafahamiana kwa majina, na ukituagiza tushikane zamu, Mheshimiwa, tutashikana.

Naomba radhi tena kwa urefu wa maneno yangu. Yule mama aliyeahirishiwa amerudi kwetu. Viinitete vyake viwili bado vimegandishwa kwenye tangi la nitrojeni, na ameandikiwa kupandikizwa mwezi ujao, katika chumba kilekile, na kidirisha kilekile.

Wako mtiifu,
Mtaalamu wa maabara ya uzazi,
Dar es Salaam.