Sita na Sita Si Kumi na Mbili

Muuza vyombo vya muziki akikuambia hana nyuzi za gitaa la kumi na mbili, usiondoke haraka, maana neno lake linalofuata ndilo tamu: "Chukua pakiti mbili za sita." Nimeambiwa hivyo Tanga, nikaambiwa Kariakoo, nikaambiwa tena Mombasa nilikokwenda msibani na kuchomoka kidogo kati ya mazishi na chakula. Wanasema kwa utulivu kabisa, mkono mmoja tayari uko kwenye kitabu cha risiti. Sita jumlisha sita. Ukibisha, wewe ndiye uliyekimbia shule.

Basi ngoja nibishe hapa, ambako hakuna foleni nyuma yangu.

Gitaa la nyuzi kumi na mbili lina jozi sita. Jozi ya kwanza na ya pili, zile nyembamba, ni pacha wa kufanana: unene mmoja, sauti moja. Katika jozi nne zilizobaki, kila uzi mnene hupewa mwenzake mwembamba anayelia oktavu moja juu yake. Zikipigwa pamoja ndipo unapatikana ule mng'aro wa peke yake, hata kodi ya C ya mwanafunzi wa juzi inasikika ina shahada. Sasa balaa liko kwenye jozi ya tatu. Mwenza wa uzi wa G hupanda juu kuliko uzi wa kwanza wenyewe, na ndiye mwembamba kuliko wote: namba 8 au 9 kwa hesabu ya elfu za inchi, haufiki hata robo ya milimita. Pakiti ya kawaida ya gitaa kavu huanzia namba 12, au 11, au 10 kwa wenye vidole vya ofisini. Kwa hiyo hata ukinunua duka zima la pakiti hizo za sita, uzi huo huukuti humo.

Matokeo ya hesabu za muuzaji nayajua, maana gitaa langu lilinijia likiwa limeshafanyiwa. Lilikuwa mali ya kwaya ya kanisa la jirani. Waliliuza kwa sababu ibada ya kwanza ilikuwa ikiisha kabla halijapatana, na ya pili ikianza wakati limeshaachana. Katika kuhangaika, mwalimu wa kwaya alilivisha pakiti mbili za sita, akakaza kwa imani. Nilipolipeleka kwa fundi wa mbao, alililaza mezani, akapitisha kiganja juu ya ubao wa mbele uliokuwa umetuna nyuma ya tundu, akanitazama kwa huruma. "Kaka," akasema, "hili lina mimba."

Hakuwa anatania sana. Pakiti nyepesi ya nyuzi kumi na mbili, inayoanzia namba 10 hadi 47, ikikazwa mpaka sauti ya kawaida huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100. Nyuzi sita za kawaida huvuta kilo sabini na kitu. Zile kumi na mbili ni sawa na kutundika gunia la mahindi, usiku na mchana, kwenye ubao wenye unene wa milimita tatu hivi. Weka pakiti mbili za sita, na sasa umetundika karibu gunia na nusu. Kile kibao cha chini kinachoshika nyuzi kilikuwa kimeanza kubanduka. Kadi ya benki ilipita chini yake bila kugusa kitu. Fundi akatia gundi, akabana kwa jiriwa, akaliacha likauke katikati ya miguu ya kitanda alichokuwa akikitengeneza. Nilipolifuata nilimkuta mwenye kitanda akiuliza kama na lile limo kwenye bei.

Shemeji yangu huenda Dubai kufuata bidhaa. Nikaona hapo ndipo pa kupitia. Nikamwandikia ujumbe mfupi ulionyooka: "Shem, niletee nyuzi za gitaa, za kumi na mbili." Shemeji ni mtu makini, hapindishi maneno ya mtu. Alikwenda duka moja la Deira, akamsomea muuzaji ujumbe wangu, akarudi na bahasha ya kaki iliyobandikwa gundi. Ndani yake mlikuwa na nyuzi kumi na mbili. Zote namba 12. Alizihesabu mbele yangu moja baada ya nyingine ili pasiwe na lawama, na ilipofika ya mwisho akanitazama akisubiri furaha. Nilimshukuru kama nilivyolelewa, nikamfungulia soda.

Tuseme haki: namba 12 ina kazi yake. Katika pakiti nyingi ndiyo mwenza wa uzi wa nne. Kwa hiyo uzi mmoja ulipata ajira. Kumi na moja zilizobaki zilikaa kwenye droo mpaka mke wangu alipogundua kwamba hakuna kinachokata mche wa sabuni vizuri kama uzi wa gitaa, na leo majirani huja kuazima. Wanaita "waya wa shemeji".

Uzi wa G mwembamba hukatika. Sisemi huweza kukatika. Hukatika ukiwa mpya, hukatika ukiwa ndani ya begi, na wangu umewahi kukatika saa nane za usiku gitaa likiwa limetundikwa ukutani na wote tumelala. Kila mwanamume anayepita barazani kwangu ana ushauri mmoja tu: weka mnene zaidi. Ushauri una sura ya akili, ndiyo maana unaenea. Lakini uzi wa chuma una ukaidi wake. Ukiuongezea unene, nguvu yake inaongezeka, na nguvu ya kuuvuta ufike kwenye sauti ileile nayo inaongezeka kwa kiasi kilekile. Namba 9 na namba 12 za chuma cha aina moja, kwenye gitaa la urefu mmoja, hufikia kikomo karibu kwenye sauti moja. Tofauti ni kwamba namba 12 ikikatika unaisikia mpaka kwenye magego. Jirani yangu, mstaafu wa reli, alikataa kabisa kuamini, akasema fizikia ya siku hizi imeharibiwa na simu. Tukachukua uzi mmoja wa shemeji, tukaufunga, tukakaza mpaka ukakata shauri. Paka wake hajakanyaga tena baraza yangu.

Dawa ni kushusha. Ukilishusha gitaa zima hatua moja nzima, E ikawa D na wengine wote wakafuata, mvutano hupungua kwa takriban moja ya tano. Uzi wa G unapumua, ubao unapumua, fundi anakosa mteja. Ukitaka kuimba na wenzako wenye magitaa ya kawaida, unabana kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, kwenye nafasi ya pili na hakuna atakayejua. Lead Belly, yule Mmarekani aliyefariki mwaka 1949 na ambaye mpaka leo huitwa mfalme wa gitaa la nyuzi kumi na mbili, alilishusha lake chini zaidi ya hapo, akatumia nyuzi nene, likawa linanguruma. Huo ndio mpango wenyewe: nyuzi nene ni za anayeshuka sana, nyepesi ni za sisi tuliobaki. Anayefunga nene na bado akataka kukaza hadi sauti ya kawaida, namwombea.

Kuhusu madini yenyewe, watu wanaoishi mbali na bahari wana muda wa kubishana. Kuna bronzi ya shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20, kali na yenye kung'aa siku za mwanzo. Kuna bronzi ya fosforasi, iliyoletwa kwenye nyuzi za gitaa miaka ya 1970, yenye sauti ya upole na inayodumu zaidi kidogo. Tanga tofauti hiyo humalizwa na upepo wa chumvi kabla masikio hayajaamua. Nyuzi zilizopakwa utando wa plastiki ni ghali, ila huku pwani nazitetea. Uzi wa G peke yake sijaufikiria kwa upande huu, kwani haujawahi kuishi muda wa kutosha kushika kutu.

Usitafute huruma kwa wanamuziki wengine. Nilijaribu. Mzee mmoja aliyepiga solo kwenye bendi za rumba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nimebeba nyuzi tano za bure. Wapiga gitaa wa Kongo, alinikumbusha, waliigundua siri ya oktavu zamani: unatoa uzi wa nne, unaweka mwembamba unaolia oktavu moja juu, unapata ule mlio wa mi-composé unaopenya katikati ya solo na rithimu. Uzi mmoja tu, bendi nzima inang'aa, na unapatikana kwenye pakiti ya sita. Hapo ndipo nilipoumia. Nikaenda Unguja, nikamlilia mpiga kanuni wa taarab. Kanuni ina nyuzi sabini na kitu, nyingi zikiwa tatu tatu kwa kila noti, na mwenyewe huketi nayo magotini akizipatanisha huku wenzake wakinywa kahawa. Alinisikiliza kwa adabu kubwa. Kisha akauliza: hizo zangu kumi na mbili, huwa nazimaliza kabla kikombe hakijapoa au baada?

Halafu ikaja sendofu ya binti wa shangazi.

Kamati iliniomba nipige wakati bibi harusi anaingia. Gitaa lilikuwa limepatana vizuri sana nyumbani. Likapanda bajaji, jua la saa tisa, foleni. Likaingia ukumbini, ambako kamati ilikuwa imelipia viyoyozi na ilitaka kila mtu avihisi. Nyuzi kumi na mbili zilizotoka kwenye joto zikaingia kwenye baridi, kila moja ikachukua uamuzi wake. Kile kifaa cha kupimia sauti nilichobana kichwani mwa gitaa kilikuwa kinasikia besi ya DJ kuliko kinavyonisikia mimi, na kila nilipogusa jozi mbili kwa pamoja kilichanganyikiwa, kikaonyesha herufi ambazo sikuwa nimepiga. Nikaanza kwa masikio. Uzi mmoja, polepole, huku mwenzake nimemziba kwa kidole. Kisha mwenzake. Kisha wote wawili. Kisha tena.

MC, ambaye hawezi kustahimili ukimya, akashika maikrofoni: "Mabibi na mabwana, msanii wetu ameanza! Makofi tafadhali!"

Wakapiga makofi. Taa zikapunguzwa. Nikiwa nusu ya jozi ya tatu, mama mmoja wa kitenge cha njano alitoka meza ya mbele akicheza taratibu, akazunguka kiti changu, akanibandika noti ya elfu tano kwenye paji la uso. Sikuweza kumweleza, mikono ilikuwa kazini. Wakaja wengine wawili. Kufika jozi ya sita kulikuwa na foleni ya kunitunza, na mpiga video alikuwa amepiga goti.

Bibi harusi alipoingia nikapiga wimbo wenyewe, ule niliofanyia mazoezi. Katikati ya ubeti wa pili uzi wa G ulikatika kama ilivyo desturi yake, nikamalizia na kumi na moja, na hakuna aliyegeuza hata kichwa.

Baadaye shangazi alinifuata kwenye pilau. "Mwanangu, umetutoa aibu. Huu wa pili mzuri, lakini ule wa kwanza, ule wa polepole, ulikuwa na hisia. Mama mkwe amelia." Akataka kujua jina lake. Kabla sijafungua kinywa alishamwita katibu wa kamati, na ratiba ya harusi imeshachapwa: baada ya keki, kabla ya zawadi, "Wimbo wa kwanza wa sendofu, urudiwe, uwe mrefu."

Nyuzi mpya huchukua muda kunyooka na kutulia. Siku ya kwanza hushuka kila unapozigeuzia mgongo. Kwa kawaida mtu hufunga mapema, azivute, azizoeshe. Pakiti yangu mpya, 10 hadi 47, pamoja na namba 9 za akiba, iko kabatini na sijaifungua. Nitazifunga palepale ukumbini, wageni wakiwa wanakaa.