Lala Kwanza, Lipa Baadaye: Mwongozo wa Kununua Godoro kwa Wakazi wa Wazo

Watu wa Wazo hatudanganyiki kwenye ujenzi. Tofali tunaligonga, mfuko wa saruji tunausoma tarehe, na fundi tunamfuata hadi kwenye nyumba ya mwisho aliyoijenga tukaone nyufa. Kiwanda cha Twiga kinazalisha saruji kwenye kilima chetu tangu mwaka 1966, na kwa ujirani huo kila mmoja wetu anajiona mkaguzi wa msingi wa nyumba ya mwenzake. Lakini godoro, ambalo tunalilalia theluthi ya maisha, tunalinunua Tegeta kwa dakika tano huku bodaboda anaunguruma nje. Mtu aliyezunguka Keko siku nzima akitafuta sofa ya mgeni atakayekaa nusu saa, anachagua godoro la mgongo wake kwa kuangalia maua ya kitambaa. Tabia hii ife. Zifuatazo ni kanuni za kuizika.

Kanuni ya 1: Anayelala ndiye anayechagua

Kamati ya kichen pati ina mamlaka juu ya sare, ukumbi na masufuria. Juu ya godoro haina. Bwana harusi wa kilo 95 na bibi harusi wa kilo 55 hawawezi kuchaguliwa godoro na shangazi anayependa zambarau. Shangazi, tunakuheshimu: toa fedha, waende wenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe hicho hutakilalia.

Kanuni ya 2: Lala dukani

Kubonyeza kwa kidole hakutoshi, maana hakuna anayelalia kidole. Vua viatu, panda, lala chali, kisha lala ubavu kama unavyolala nyumbani. Kaa dakika kumi. Muuzaji akikukodolea macho, mkodolee naye ukiwa umelala. Mkiwa wawili, laleni wote wawili, mmoja ageuke, mwingine asikilizie kama ametikiswa.

Ukiwa chali, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita kwenye uwazi mkubwa, godoro ni gumu mno kwako. Kikikwama kwa sababu makalio yamezama, ni laini mno. Kikipita huku kinagusa mwili na godoro, umefika.

Mwenye mgongo mbovu atashauriwa na mtaa mzima alalie gumu kuliko yote, au ubao kabisa. Asikubali haraka. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Waliopewa magodoro ya ugumu wa wastani walipata nafuu kuliko waliopewa magumu. Mtoto mchanga ndiye anayehitaji gumu lililo tambarare, bila mto wala mablanketi ya kumzungusha.

Kanuni ya 3: Lipeleke kwenye mizani

Hapa ndipo penye siri, na wauzaji wengi hawaombwi kuitoa. Ugumu wa sponji na uimara wake ni vitu viwili. Sponji inaweza kuwa ngumu leo na ikawa na shimo mwakani. Uimara hutegemea sana uzito wa sponji kwa kila mita moja ya ujazo, ndiyo ile hai densiti inayotajwa dukani bila namba. Dai namba.

Namba isipopatikana, itafute mwenyewe. Godoro la futi 5 kwa 6 lenye inchi 8 lina ujazo wa mita 0.57 hivi. Sponji ya kilo 18 kwa mita ya ujazo italipatia godoro hilo uzito wa kilo 10 tu, na itabonyea mapema. Ya kilo 25 italifikisha kilo 14. Ya kilo 30 italifikisha kilo 17, na hapo mtu mzima alale kila siku bila wasiwasi. Ondoa kilo moja hivi ya kitambaa, kisha hukumu.

Mizani si tatizo mjini hapa. Duka la nafaka linayo, mnunuzi wa vyuma chakavu anayo, na vijana wanaosukuma mizani inayoongea wanapita kila mtaa. Panda bila godoro, panda ukiwa umelikumbatia, toa. Watu watacheka. Wacheke, watalala kwao.

Kanuni ya 4: Fungua zipu

Kuna mchezo wa kuishinda mizani: wakati wa kutengeneza sponji, mtengenezaji huchanganya unga wa kalsiamu kaboneti. Hayo ndiyo madini makuu ya mawe ya chokaa, na sisi wa Wazo chokaa tunaijua, maana saruji yetu inatokana nayo. Ukiongezwa kwa wingi, unga huo huleta uzito bila kuleta nguvu. Chokaa ikae kwenye saruji.

Kwa hiyo fungua zipu, sugua sponji kwa kiganja, uangalie vumbi. Vuta pembe kidogo uone kama inamegeka. Bonyeza kwa goti na uachie: sponji nzuri ya kawaida huinuka mara moja, mbovu huacha alama ya goti. Ukikuta vipande vya rangi nyingi vilivyogandishwa pamoja, hayo ni mabaki ya sponji. Yanafaa kuwa tabaka la chini la kukaza, ila uambiwe kabla ya kulipa. Muuzaji anayekataza zipu isifunguliwe amekwisha kujibu swali lako.

Kanuni ya 5: Jipime na wewe

Godoro la futi 6 lina urefu wa sentimita 183. Mlalaji anahitaji ziada ya sentimita 10 hadi 15 kupita kimo chake. Mwenye sentimita 180 amebakiwa na tatu, visigino nje. Warefu, ulizeni dukani kama kuna refu zaidi, na mkubaliane na seremala kabla hajakata mbao.

Kanuni ya 6: Kagua chaga

Godoro jipya juu ya chaga tano zilizopinda ni fedha iliyotupwa. Sponji itazama kwenye nafasi kati ya chaga na chaga, na lawama atapewa muuzaji. Mwambie seremala aongeze chaga, azisogeze zikaribiane kwa upana wa kiganja, na aweke mhimili wa katikati kwa kitanda cha futi 5 na zaidi. Mianya hiyo pia hupitisha hewa.

Kanuni ya 7: Nailoni ivuliwe

Nailoni ya kiwandani ni ya safari ya kirikuu kutoka Kariakoo, na safari imekwisha. Kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, inafungia jasho ndani, inaleta harufu na ukungu. Vua yote, hata pembeni.

Bibi zetu walianika magodoro ya sufi juani, na sufi iliumuka upya. Sponji haina undugu na sufi. Inatokana na poliurethani, iliyovumbuliwa Ujerumani na Otto Bayer na wenzake mwaka 1937, na jua kali huifanya iwe ya njano na kumegeka. Ipe hewa kivulini, igeuze kichwa kwa miguu kila baada ya miezi michache.

Kanuni ya 8: Karatasi kabla ya kirikuu

Tafuta alama ya ubora ya TBS. Chukua risiti ya EFD na dhamana iliyoandikwa miaka. Ukiuziwa bandia, Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo, na bila risiti utaenda na hadithi tu. La mtumba liache: kunguni hujificha kwenye mishono na huweza kukaa wiki nyingi bila kula, wakikusubiri.

Na fedha isipotosha? Punguza unene, usipunguze ubora. Kwa mtu wa uzito wa kawaida, inchi 6 za sponji nzito zitamtunza kuliko inchi 10 za sponji nyepesi. Sofa nayo isubiri. Mgeni atakaa kwenye mkeka kwa furaha, lakini wewe unaamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala ya mjini, na mwili haujui kukopa usingizi bila kulipa. Muuzaji akikuuliza unataka la rangi gani, mjibu kwa swali: la kilo ngapi?