Walete, Ova

Kamati ya harusi ya mpwa wangu ilikodi redio koli sita, na moja nikapewa mimi. Kazi yangu ilikuwa kusimama ndani ya ukumbi, pale Sinza, nimwambie baba mdogo aliyeko getini wakati wa kuwaingiza maharusi. Kazi ya neno moja. Nikalikosea.

Tulianza kwa adabu. "Shikamoo baba mdogo, ova." "Marahaba mwanangu, ova." "Habari za hapo getini, ova?" Kwenye redio hizi anasema mmoja tu kwa wakati, na "ova" ndiyo ruhusa ya mwenzako kuanza. Lakini kumtupia mtu mzima "ova" kila baada ya sentensi kulinipa tabu, nikawa namalizia "ova, samahani." Mwenyekiti akaingilia: watu wa jikoni wanasubiri zamu tangu shikamoo ya kwanza.

Saa mbili usiku hali ilikuwa hivi: fundi wa mapambo yuko juu ya ngazi, palepale meza kuu, pini mdomoni, MC yuko msalani, ndafu anapitishwa mlangoni na vijana wawili, hata majani ya kichwani hajavikwa. Baba mdogo akauliza kama awalete. Nikabonyeza kitufe na kupiga kelele kwa pumzi moja: "Usiwalete, ova!"

"Nimekupata," akajibu. Nikatulia. Baada ya dakika moja nikasikia matarumbeta.

Nikabonyeza tena: "Usiwaachie!"

"Nimeshawaachia, wanakuja!"

Mara ya tatu sikuachia kitufe kabisa. Nilihutubia mpaka jasho likanitoka, na kwa kuwa kidole changu kilikuwa kimeziba njia, hakuna aliyeweza kunijibu: si getini, si jikoni, si mwenyekiti.

Aliyenifumbua macho ni mlinzi wa ukumbi, kijana anayelala na redio hizo kiunoni. Ukibonyeza kitufe, redio huchukua kitambo kidogo kabla haijaanza kurusha sauti. Ukisema papo hapo, inameza silabi za mwanzo. Sasa Kiswahili chetu kinakataza wapi? Mwanzoni mwa neno! "Usiwalete" ikifika getini ni "walete". "Usiwaachie" ni "waachie". Baba mdogo, mtu mtiifu, alitii mara mbili.

"Halafu mzee," akaendelea, "antena umeikaba kama shingo ya kuku. Shika mwili wa redio, antena isimame wima. Mdomo uwe mbali vidole vinne. Bonyeza, meza mate, ndipo useme, tena kwa sauti ya kawaida. Ukipiga kelele, kule wanasikia paka ndani ya pipa. Ukimaliza, achia."

Nikamuuliza wao huwa wanakatazaje.

"Sisi hatusemi 'usilete'. Tunasema 'subiri'. Hata ikimegwa, 'biri' haijawahi kumleta mtu."

Video ya harusi ipo. Maharusi wanaingia kwa madaha, ndafu ametangulia kama mpambe, fundi anapunga mkono kutoka juu ya ngazi na pini zake mdomoni. Nyuma ya meza kuu kuna mtu mwenye suti ya kijivu anaigombeza antena. Huyo ni mimi.